Sukari Ilisoma Kumi na Mbili

Mdogo wangu alifariki akiwa na sukari nzuri.

Rudia kusoma, sijakosea. Mgonjwa wa sukari, mtu wa sindano tangu akiwa shule ya msingi, alikata roho kipimo kikisoma kumi na mbili. Huyo huyo aliwahi kufika thelathini na bado akakaa anapiga soga na kunicheka nywele zangu.

Basi watu wakasema yao. Kila mtu akawa daktari. Na katika kusema huko, mtu mmoja akabebeshwa mzigo usio wake.

Kabla sijaandika nilimwomba Baba ruhusa. Akasema andika yote, usinifiche. Kwa hiyo tulieni niwasimulie.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo, viti vitatu, feni moja inayopiga kelele kuliko inavyopuliza, na mdomo usio na breki. Mdogo wangu alikuwa na meza yake pale mlangoni, anapaka watu rangi za kucha. Tulimwita Chiriku. Ukikaa mbele yake unaondoka na kucha safi na habari za mtaa mzima, na zako zote umeshamwachia.

Baba ana bucha hatua chache kutoka pale. Mikono yake inapasua paja la ng'ombe kama mkate, lakini sindano ndogo ya Chiriku ilikuwa inamshinda. Akiona bomba tu, anatoka nje kuangalia mawingu.

"Baba, nachomwa mimi, unalia wewe?" Chiriku alikuwa anamtania.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," Baba anamjibu akiwa huko huko nje.

Shida ni kwamba sukari ya Chiriku haikuwa na adabu. Akila mkate asubuhi, inaruka juu. Akiongeza dawa, inaporomoka. Kutwa ni kupanda na kushuka, mpaka macho yakaanza kuona ukungu.

Daktari akamwambia wazi, ukiendelea hivi macho yatakwenda. Na kazi ya kucha ni kazi ya macho. Siku hiyo kwa mara ya kwanza Chiriku alirudi nyumbani kimya.

Ndipo akaenda kwa Nesi.

Nesi wa kliniki ya sukari ni mama mmoja mfupi, mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Chiriku akamwambia anataka kupunguza wanga. Mkate, wali, viazi, vitu vitamu, vyote chini. Ale nyama, samaki, mayai na mboga za majani.

Nilikuwepo, nilisikia kila neno.

"Inawezekana," Nesi akasema, "lakini si kwa kukurupuka. Dozi lazima daktari aipunguze kwanza. Ukila nyama na mboga halafu ukajichoma dozi ya sahani ya wali, sukari itaanguka na wewe utaanguka nayo."

"Kwani nyama si haina sukari?"

"Nyama haina haraka. Protini mwili unaigeuza sukari polepole. Unapima baada ya kula, unaona imetulia, unajipongeza. Masaa baadaye inapanda. Kwa hiyo unapima na baadaye."

"Na ile sindano ya kila siku, ya taratibu? Si niiache tu kama sili wanga?"

Nesi akaweka kalamu chini.

"Hiyo usiiache hata siku moja. Hata usipokula kitu. Mwili wako hautengenezi insulini yake, na bila insulini damu inageuka asidi. Ukianza kutapika usikae nyumbani. Njoo."

Tukarudi, tukampelekea Baba habari pale bucha. Aliacha kisu juu ya gogo.

"Yaani dawa ya mwanangu ilikuwa inaning'inia kwenye ndoano zangu miaka yote hii?"

Sijawahi kumwona Baba ana furaha vile. Mtu aliyekuwa anakimbia sindano sasa kapata kazi ya kufanya. Kuanzia siku hiyo steki nzuri haikuuzwa tena. Mteja akiinyooshea kidole, Baba anasema, "Hiyo ina mwenyewe."

Mwanzo tulivuruga. Chiriku kichwa ngumu hakusubiri daktari. Akala nyama na majani, akajichoma dozi yake ya zamani kwa mazoea, akaja kazini. Muda si mrefu namwona anampaka mteja rangi mpaka kwenye kiganja. Jasho linamtiririka, maneno yanagongana.

Nikapiga kelele. Baba akaja mbio. Mnajua alikuja na nini mkononi? Ubavu wa kuchoma!

"Kula mwanangu, kula upate nguvu!"

Mama naye akatokea, akaupiga ule ubavu ukaanguka chini. "Anataka sukari saa hizi, mzee! Nyama itafika lini?" Akamnywesha soda.

Alipopata nafuu Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu zake. "Baba alitaka kunifufua kwa nyama choma!" Tukacheka wote, na mteja mwenye rangi kiganjani akacheka.

Baada ya hapo daktari akampangia dozi mpya, na mambo yakawa fresh. Sukari sita, saba, ikizidi sana nane. Ukungu machoni ukaanza kupungua. Baba akawa anatangaza matokeo bucha kama mpira: "Leo ana sita na nusu!" Wateja ambao hata hawajui maana yake wanampigia makofi.

Zile ndizo siku zetu nzuri, na sikujua kama zitaisha.

Kisha friji ya nyumbani ikafa. Fundi akaja, akaigongagonga, akasema hii ni ya kuzika. Akiba ya insulini ya Chiriku ilikuwa mle. Baba akasema msihangaike, bucha kuna umeme wa uhakika, nitazitunza mimi mpaka tupate friji nyingine.

Tukashukuru. Chupa zilizokuwa zikitumika nyumbani zilipoisha, Baba akaleta nyingine, kazifumbata kiganjani kama mayai. Chiriku akazifungua, akaendelea kujichoma kama kawaida.

Siku chache baadaye sukari ikaanza kupanda. Haikuruka. Ilipanda kidogo tu, kumi, kumi na moja.

"Ni ile nyama ya jana jioni," Chiriku akasema. "Nesi si alisema protini inapanda kwa kuchelewa?"

Sote tukaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Tulikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa la swali lile.

Akapunguza nyama. Akawa anakula majani na yai moja. Sukari ikafika kumi na mbili ikakaa hapo. Kwa mtu aliyezoea ishirini na kitu, kumi na mbili hailizi mtu.

Akakonda. Wateja wakamsifia, "Chiriku umekuwa modo, tupe siri!" Akawa anakunywa maji chupa kwa chupa na kuegemea meza kila akimaliza mkono mmoja.

Na pumzi yake ikawa inanuka dawa ya kutolea rangi ya kucha.

Nyumba nyingine yoyote wangeshtuka. Binti hanywi pombe, hapaki kitu, mbona mdomo unanuka hivi? Lakini wa kwetu alishinda ameinamia hiyo dawa kutwa nzima. Nguo zake zilinuka hivyo, pochi yake ilinuka hivyo. Tukajua ni harufu ya kazi.

Asubuhi moja akaanza kutapika. Mama akasema twende. Chiriku akapima kwanza.

"Kumi na mbili, Mama. Sukari nzuri. Hili ni tumbo tu."

Mama akakumbuka maneno ya Nesi, akakataa kubishana naye. Wakati tunatafuta gari, Chiriku akawa anahema kwa kina, kama mtu aliyepanda ghorofa nyingi. Garini akaniegemea begani.

"Dada, yule mteja wangu wa jioni mwambie aje kesho."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Mtu anakufa anawaza kucha za watu.

Hospitali daktari aliinama karibu na mdomo wake, akanusa, sura ikabadilika. Wakamkimbiza ndani. Baadaye akatoka kutuuliza.

"Damu yake imejaa asidi, ndiyo hiyo harufu mdomoni. Alikuwa anachoma sindano kweli?"

"Kila siku," nikasema. "Kwa macho yangu."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyekula sukari na bado ana punje mdomoni.

Walimtundikia maji, wakampa insulini, walihangaika naye kwa kweli, siwezi kuwasingizia. Lakini tulikuwa tumechelewa. Moyo wa Chiriku ukasimama kabla jua halijazama.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Mama alikaa sakafuni na kanga yake mdomoni. Baba hakulia. Alisimama kwenye korido, mikono inaning'inia, hana cha kushika.

Baada ya mazishi Baba akapata cha kushika. Akamshika Nesi.

"Yule ndiye aliyemuua mtoto wangu. Alimnyima chakula." Akawa anakata nyama huku anasema. Kila mteja akaondoka na kilo yake na maneno hayo. Na mtaa unavyojua kupeleka habari, watu wakaanza kususia mafunzo ya Nesi kliniki. Mkuu wa kliniki akamwita ajieleze. Tukasikia huenda akaondolewa.

Mimi nilimwamini Baba. Kwa nini nisimwamini? Mtu alikuwa mzima, akaanza kula hivi, akafa.

Halafu alasiri moja Nesi akaja nyumbani. Baba alikuwa machinjioni. Mama alifungua mlango, akasimama katikati, hajui amkaribishe au amfukuze. Mwishowe akamsogezea kiti.

Nilijiandaa kumtolea uvivu. Lakini yeye hakujitetea. Alitupa pole, akalia kidogo, akajifuta, akasema, "Naomba kuona dawa aliyokuwa anatumia."

Nikamletea chupa mbili zilizobaki nusu. Ile ya kabla ya kula akaielekeza dirishani.

"Hii inatakiwa iwe maji meupe, haina kitu ndani."

Mle ndani kulikuwa na chembe nyeupe zinaelea. Akachukua ile ya taratibu, ambayo kawaida ina rangi ya maziwa. Akaizungusha kiganjani. Mabonge yalikuwa yameng'ang'ania ukutani mwa chupa, hayachanganyiki.

"Zilikuwa zinatunzwa wapi?"

"Bucha, kwa Baba."

"Bucha sehemu gani?"

Nilivaa ndala nikaenda.

Yule anayemsaidia Baba ananijua, akaniacha niingie nyuma. Kwenye friji ya soda hazikuwepo. Nikafungua friza. Nikainua mifuko ya maini. Chini kabisa, pale baridi inapouma zaidi, nikakuta mfuko uliofungwa fundo safi, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake chupa nne.

Zilikuwa ngumu kama mawe.

Nikaelewa pale pale. Kwa mtu wa nyama, adui ni joto. Baridi ndiyo rafiki, na ikizidi ndiyo bora zaidi. Nyama ukiigandisha inakaa miezi, ukiiyeyusha taratibu inakuwa nyama ile ile. Baba alizipa dawa za mwanawe heshima anayoipa nyama nzuri kuliko zote. Akizitoa alikuwa anaziyeyusha kwa joto la kiganja chake.

Insulini haiko hivyo. Ikiganda, hata ukiiyeyusha, nguvu yake huwezi kuiamini tena. Chiriku alijichoma kila siku, hakukosa hata mara moja, na alikuwa anajichoma kitu kisichomsaidia. Na kwa kuwa hakula wanga, na nyama nayo alikuwa ameipunguza, sukari haikulipuka ikatuonya. Ilikaa kumi na mbili, damu ikawa inachacha chini kwa chini.

"Unatafuta nini humo?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Maini," nikasema.

Akanichagulia pande zuri, akalifunga, akanipa. "Mpikie mama yako. Hali chakula siku hizi." Nikatoka na maini yangu, nimefunga friza, chupa nimeziacha mle.

Nyumbani nikamwaga yote. Halafu hasira ikanipanda, sitaki kusema uongo. "Narudi kumwambia sasa hivi! Mbele ya hao hao wateja wake!"

Nesi akanishika mkono.

"Usimwambie."

"Anakuchafua mtaa mzima!"

"Mimi akinichafua nitaoga. Yeye akilijua hili ataoga kwa maji gani?"

Nikavua ndala, nikakaa.

"Na mimi nina langu," akasema polepole. "Nilimwambia Chiriku aweke dawa mahali pa baridi. Nikaishia hapo. Sikuwaza kwamba kuna nyumba ambako mahali pa baridi ni friza."

Mama alisema wazi, mume wangu akijua atakufa. Tukakubaliana watatu kunyamaza. Nikaahidi kesho yake nitazitoa zile chupa kwa ujanja wowote.

Kesho yake nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja, Mama akaingia saluni miguu mitupu.

"Baba yako amezichukua! Amesema leo siku ya kliniki, kuna watoto wanakosa dawa, ya Chiriku isiharibike bure!"

Nilimwacha mteja na nywele nusu.

Nilipofika, Baba alikuwa ukumbini amevaa shati lake zuri. Mbele yake mama mmoja amempakata mtoto wa kike mwembamba, shingo kama kijiti. Chupa nne ziko tayari mikononi mwa yule mama, anashukuru, machozi yanamtoka.

"Mungu akulipe, Mzee. Akulipe kabisa."

Nesi alikuwa amefika kabla yangu. Kanyoosha mkono. "Mzee, naomba hizo. Utaratibu hauruhusu mgonjwa kumpa mgonjwa dawa."

"Utaratibu!" Baba akapaza sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Umemuua wangu, sasa unamnyima na huyu?"

Watu wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, aondolewe huyo. Nesi aliinamisha kichwa, mkono bado umenyooka.

Yule mama akaona zogo, akatumbukiza chupa kwenye mkoba, akamvuta mtoto wake waondoke.

"Mama, usiende!" nikapiga kelele. "Dawa hizo hazifai!"

Baba akanigeukia.

"Baba, ziliganda," nikasema. "Insulini ikiganda inaharibika. Haitibu tena."

Baba aliniangalia muda mrefu. Nikaona anapiga hesabu, midomo inacheza bila sauti.

"Hizi nne tu?" akauliza.

Aliuliza kwa upole, kama anayeomba. Ningesema ndiyo angeamini, maana alitaka kuamini. Nikamtazama Nesi. Alikuwa ananitikisia kichwa kidogo sana, niseme ndiyo, na ile minong'ono bado iko juu yake.

"Zote, Baba. Na zile ulizomletea yeye."

Akarudi nyuma hatua moja, benchi likampiga magotini, akakaa. Yule mama akazitoa chupa mkobani, akaja akamwekea mapajani taratibu.

Baba akainua macho kwa Nesi. "Ulijua?"

"Nilijua jana, Mzee."

"Na ukaniacha nikutukane?"

Nesi alikaa benchini kando yake. Hapo ndipo Baba akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Chiriku, kilio cha mtu mzima kinachofanya watu waangalie ukuta.

Nesi hakuondolewa. Baba mwenyewe alikwenda kwa mkuu wa kliniki, halafu akapita kwa kila mteja aliyemjaza maneno, mmoja mmoja.

Bucha bado ipo, ila Baba hacheki tena na wateja. Siku za kliniki anakwenda kukaa benchini na kumuuliza kila anayeingia, "Dawa unaiweka wapi?" Wengine wanamwona mzee wa umbea. Juzi dada mmoja akamjibu, "Kwenye friza, Mzee, ili ikae sana." Baba alimshika mkono akampeleka kwa Nesi mwenyewe.

Kama nyumbani kwako kuna mtu wa insulini, sikia. Friji ndiyo, friza hapana, na ikiganda usiitumie. Akibadilisha chakula, dozi apangiwe na daktari. Na akitapika au akihema vibaya, mpeleke hospitali, usidanganywe na kipimo. Kuuliza si ujinga, uliza hata lile unaloona unalijua.

Jana nilimsomea Baba haya yote. Nikamuuliza, je, kuna la kuongeza?

Akaangalia mikono yake.

"Waambie nilimpenda," akasema. "Halafu waambie kumpenda hakukutosha."